Agano lilianzia kwa nani: Ibrahimu, Adamu, au kabla yao?

Swali: Shikamoo Mchungaji, na Bwana Yesu asifiwe. Ninafundisha shule ya Jumapili katika usharika mmoja wa Kilutheri huku Tabata, na katikati ya juma tuna ibada za nyumba kwa nyumba. Tulipofika kwenye somo la agano tukagawanyika. Mzee mmoja wa kanisa alisema agano linaanzia kwa Ibrahimu, na habari za uumbaji ni utangulizi tu. Kaka mmoja aliyepitia chuo cha Biblia akasema hapana, agano lilianza Edeni kwa Adamu, na ndilo tulilolivunja. Mwingine akasema haya yote hayana haja kwa sababu dunia itachomwa moto. Mimi nimebaki na langu: Mungu aliahidi kwa Nuhu kwamba hataleta tena gharika. Niwaambie nini watoto wa darasani kwangu ambao nyumba zao huko bondeni zinaingia maji kila masika? Uumbaji na agano vinahusianaje hasa?

Jibu: Amina, na marahaba, mwanangu. Sitafuata mpangilio ulioleta maswali yako, maana lile la watoto wa bondeni ndilo zito kuliko yote na nataka nilifikie nikiwa nimeshaweka msingi.

Mzee wenu wa kanisa hajapotea kiasi ambacho kaka yule anadhani. Nyuma yake wapo watu wazito. Mwaka 1936 Gerhard von Rad, mtaalamu wa Agano la Kale wa Ujerumani, aliandika makala ambayo wanafunzi wa theolojia wanaijadili mpaka leo. Alisema Waisraeli hawakumjua Mungu kwanza kwa kutazama nyota na milima. Walimjua kama yule aliyewatoa Misri akawafanya watu wake, ndipo wakakiri kwamba huyu aliyetuokoa ndiye pia aliyeziumba mbingu na nchi. Kwa hiyo, kwake yeye, fundisho la uumbaji linakuja nyuma ya wokovu na kuutumikia.

Tazama mwaka wenyewe lakini. Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Hitler, na ndani ya kanisa palikuwa na kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani. Kundi hilo lilifundisha kwamba damu, taifa na udongo ni taratibu alizoziumba Mungu, kwa hiyo Mkristo mwenye asili ya Kiyahudi hana nafasi kanisani. Mei 1934 waliopinga mafundisho hayo walikutana katika mji wa Barmen wakatangaza kwamba Neno ambalo kanisa linapaswa kulisikiliza ni moja tu, Yesu Kristo. Ukimsoma von Rad ukiwa na hayo kichwani unaelewa alikuwa anafunga mlango gani. Uumbaji ukitengwa na agano unaweza kuhalalisha jambo lolote. Mwenye nguvu atasema tu "ndivyo Mungu alivyotuumba", na mazungumzo yameisha. Sisi wenyewe tumeisikia kauli hiyo ikitolewa juu ya wanawake, na kwa ukatili zaidi juu ya ndugu zetu wenye ualbino.

Basi mzee ana haki yake: Israeli walimjua Mungu wa agano kwanza. Anapokosea ni pale anapogeuza njia waliyopita watu kumjua Mungu kuwa ndio mpangilio wa kazi za Mungu mwenyewe, halafu akauita uumbaji utangulizi, yaani kitu cha kurukwa ili tufike kwenye habari yenyewe. Zaburi ya 136 haimruhusu. Inaanza na mbingu, nchi, jua, mwezi na nyota. Bila hata kupumzika inaingia Misri, inapita Bahari ya Shamu, inamtaja Ogu mfalme wa Bashani, inamalizia na Mungu ampaye kila mwenye mwili chakula. Na kila mstari, uwe wa nyota au wa Ogu au wa chakula, unaitikiwa kwa maneno yale yale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Anayeongoza zaburi hiyo kanisani hawezi kubadilisha kiitikio akifika kwenye uumbaji. Fadhili zilizowavusha baharini ndizo zilizotandaza nchi juu ya maji.

Nabii Isaya anafanya vivyo hivyo katika sura ya 42. Mstari wa 5 unamtaja Mungu aliyeziumba mbingu na kuwapa pumzi watu walio juu ya nchi. Mstari wa 6, Mungu huyo huyo anamwambia mtumishi wake kwamba atamtoa awe agano la watu na nuru ya mataifa. Habari haikatiki hapo katikati.

Kanisa nalo lilikutana mapema sana na hatari ya kuvitenganisha hivi viwili. Mwaka 144 kanisa la Roma lilimtenga Marcion, mtu aliyekuwa na mali, kwa kufundisha kwamba Mungu aliyeiumba dunia hii si Baba wa Yesu Kristo bali ni mwingine, wa chini. Irenaeo, askofu wa Lyon, alitumia vitabu vitano kuwajibu watu wa namna hiyo, na katika kimoja alieleza kwamba Mungu aliwapa wanadamu maagano manne yanayofuatana, la kwanza likiwa kabla ya Ibrahimu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuisema na ngumu kuijibu: kama mkate na kikombe anavyovitoa Yesu ni vya muumba mwingine, basi Yesu anawagawia watu mali ya wizi.

Sasa kaka yule wa chuo cha Biblia. Anachosema ni fundisho la Kireformed, yaani la makanisa ya Kiprotestanti yaliyofuata mkondo wa Calvin, na si la jana. Augustino, mwalimu wa kanisa la kale, katika kitabu chake Mji wa Mungu, alishaandika kwamba agano la kwanza lilifanywa na mtu wa kwanza. Katika karne za 16 na 17 Wareformed walilikuza mpaka likawa nguzo, na Ungamo la Westminster, tamko la imani la mwaka 1646, katika sura ya 7 linasema mambo mawili. La kwanza ni kwamba umbali kati ya Mungu na kiumbe ni mkubwa mno, hata tusingeweza kumfurahia kama thawabu yetu isipokuwa yeye mwenyewe amejishusha kwa hiari, na namna aliyochagua kujishusha ni agano. La pili ni kwamba agano la kwanza na mwanadamu lilikuwa agano la matendo: uzima uliahidiwa kwa Adamu kwa sharti la utii kamili.

Lile la kwanza nalipenda sana. La pili linanipa shida, na si mimi peke yangu. John Murray, mwanatheolojia aliyekuwa Mreformed kindakindaki, alilikataa jina hilo. Mwanzo sura ya 1 hadi ya 3 haina neno agano hata mara moja. Linatokea mara ya kwanza 6:18, kwa Nuhu. Watetezi hukimbilia Hosea 6:7, ambapo watu wanasemwa kuvunja agano kama Adamu, lakini nusu ya pili ya mstari huo inasema "huko", kana kwamba Adamu ni mahali, na kweli mji wa jina hilo upo kando ya Yordani katika Yoshua 3:16. Sitaki kujenga nguzo ya imani juu ya mstari wenye utata kiasi hicho. Nakubali vitu vyote vya agano viko Edeni: amri ipo, onyo lipo, mti wa uzima upo, na zaidi ya yote Mungu mwenyewe yupo akitembea bustanini. Mtu akitaka kuyaita hayo agano sitagombana naye. Ninachokataa ni picha ya kwamba uhusiano wa kwanza kati ya Mungu na mtu ulikuwa wa kazi na ujira, na neema ikaja baadaye mambo yalipoharibika.

Hapo nyie Walutheri mna jibu mikononi ambalo hamlitumii. Wanafunzi wenu wa kipaimara wanakariri Katekismo Ndogo ya mwaka 1529. Waambie wakusomee maelezo ya Luther juu ya sehemu ya kwanza ya Imani, ile ya Mungu Baba Mwenyezi. Anataja macho na masikio, akili, nguo na viatu, chakula, nyumba, shamba, mifugo, kisha anasema haya yote Mungu ananipa kwa wema na rehema zake za kibaba tu, pasipo mimi kustahili. Hayo ni maneno ambayo Luther kwa kawaida anayatumia kwa habari ya kuhesabiwa haki. Ameyaweka kwenye viatu na mifugo. Kabla Adamu hajatii wala kuasi chochote, alikuwa tayari amepewa.

Mimi ningeanzia kwa Nuhu, na nadhani hata ugomvi wenu ungepoa mkianzia hapo.

Weka kidole kwenye Mwanzo 6:5. Mungu anaona kwamba kila wazo la moyo wa mwanadamu ni baya sikuzote, na kwa sababu hiyo anaamua kuleta gharika. Sasa weka kidole kingine 8:21. Maji yamekauka, Nuhu ametoka, na Mungu anasema moyoni mwake kwamba hatailaani nchi tena kwa ajili ya mwanadamu. Sababu? Kwa maana mawazo ya moyo wa mwanadamu ni mabaya tangu ujana wake. Soma tena taratibu. Ni sababu ile ile. Gharika haikumbadilisha mwanadamu hata kidogo. Aliyetoka safinani ni yule yule aliyeingia, na muda si mrefu tunamkuta amelewa hemani. Kilichobadilika ni namna Mungu alivyoamua kushughulika naye. Ubaya ambao katika sura ya 6 ulikuwa sababu ya hukumu, katika sura ya 8 umekuwa sababu ya uvumilivu: kwa kuwa viumbe hawa hawawezi kuidumisha dunia kwa wema wao, nitaidumisha mimi. Kisha linakuja lile neno ambalo wavuvi wa Feri hawahitaji kufundishwa: majira ya kupanda na mavuno, baridi na hari, "wakati wa kaskazi na wakati wa kusi", mchana na usiku, havitakoma.

Ndipo sura ya 9. Kutoka mstari wa 8 hadi wa 17 agano linatajwa mara saba, na mwandishi anarudia-rudia limefungwa na nani mpaka msomaji mwenye haraka achoke: na ninyi, na wazao wenu, na kila kiumbe hai kilicho pamoja nanyi, ndege, mifugo, wanyama wa nchi, wote waliotoka safinani. Kwa hiyo kunguru wamo. Hata hawa wa Dar es Salaam wanaoiba samaki sokoni na kutuharibia usingizi alfajiri. Mwenzao ndiye ndege wa kwanza kutolewa dirishani mwa safina.

Ndege na mbuzi hawakuahidi kitu. Hawakula kiapo, hawakutia sahihi. Nalisema hili kwa makusudi, maana mjini kwetu siku hizi agano limekuwa biashara. Upande mmoja unaambiwa uje kuvunjiwa maagano ya ukoo, upande wa pili unaambiwa utoe sadaka nene ili "uingie agano" na Mungu, na anayepokea sadaka anakutajia kabisa kiwango. Watatumia na Nuhu, watasema mbona alijenga madhabahu kwanza? Alijenga, ndiyo, 8:20. Lakini ahadi ya agano alikuwa amepewa 6:18, kabla hajaingia safinani, na sadaka yake ni shukrani ya mtu aliyekwisha kuokolewa. Ukishaona agano la kwanza kutajwa kwa jina katika Biblia limefungwa na kuku na popo, huwezi kuamini tena kwamba agano la Mungu linanunuliwa.

Tuje kwa watoto wako.

Usiwaambie kwamba upinde wa mvua maana yake maji hayataingia nyumbani. Mtoto ataenda nyumbani, masika yatakuja, na atakukuta mwongo wewe na Biblia yako. Ahadi ya Mwanzo 9:11 ni kwamba kila chenye mwili hakitafutwa tena kwa maji ya gharika, na nchi haitaharibiwa kwa gharika. Mungu ameahidi kwamba hataurudisha ulimwengu wote kwenye vilindi vya Mwanzo 1:2. Hajaahidi kwamba mto Msimbazi hautafurika. Desemba 2011 ulifurika mpaka watu wakafa na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Na wewe unajua kinachotokea kwenye barabara ya Morogoro pale Jangwani mvua ikinyesha siku mbili mfululizo.

Kuna jambo lingine la kuwaambia wakubwa, na kwa watoto utapunguza. Agano la Nuhu linalinda utaratibu wa uumbaji, na utaratibu huo ni pamoja na maji kutelemka. Yanatoka vilima vya Pugu, yanatafuta bahari. Miti ya juu ikikatwa ya mkaa yatashuka kwa kasi. Mchanga wa mto ukichimbwa, kingo zitabomoka. Mifereji na mto vikijazwa taka, maji yatapita penginepo, na hapo penginepo ni sebuleni kwa mtu. Mungu hajavunja agano lake hapo. Manabii wangesema agano limevunjwa upande wetu: Isaya 24:5 inasema nchi imetiwa unajisi na wakaao ndani yake kwa kuwa wamelivunja agano la milele. Soma na Hosea 4:1-3. Hakuna kweli wala fadhili, kuna kuapa kwa uongo, kuua na kuiba, "kwa ajili ya hayo nchi itaomboleza", na mwisho, "naam, samaki wa baharini pia wataondolewa." Mwanafunzi wangu mmoja aliyekulia Kigamboni aliposoma mstari huo darasani alisema kwa sauti, "Baruti." Alikuwa ameona samaki wakielea baada ya mlipuko, wadogo kwa wakubwa, na matumbawe yamepasuka chini. Hosea hakujua baruti, ila alijua kwamba uhusiano wa watu na Mungu ukioza, harufu inafika mpaka baharini.

Lakini angalia sana usimtwishe mzazi wa bondeni lawama hizo. Aliyenunua kiwanja bondeni mara nyingi alinunua alichoweza kulipia. Waliokata miti na waliotupa taka wengine wanaishi mlimani na hawajawahi kulowa. Watoto wape Zaburi ya 74. Hekalu limechomwa, adui anacheka, na mwimbaji anamkumbusha Mungu kwamba ni yeye aliyeigawa bahari kwa nguvu zake, mchana ni wake na usiku ni wake, halafu anamdai waziwazi aliangalie agano lake. Hiyo ndiyo kazi ya agano la uumbaji katika kinywa cha mwenye shida: linampa haki ya kulalamika. Na upinde, ukisoma Mwanzo 9:16 vizuri, umewekwa ili Mungu auone akumbuke. Mtoto anaruhusiwa kabisa kusema, "Bwana, uangalie upinde wako, maji yameingia kwetu."

Nirudi kwenye swali lako la jumla. Jibu ninaloliona limekaa vizuri kuliko yote lilitolewa na Karl Barth, mwanatheolojia Mreformed wa Uswisi, mwaka 1945, katika juzuu yake ya kwanza juu ya uumbaji. Alisema uumbaji ni msingi wa nje wa agano, na agano ni msingi wa ndani wa uumbaji. Fikiria kijana anayejenga chumba na sebule huko Chanika kwa sababu ameshapeleka posa. Kwa tarehe, nyumba inatangulia harusi, na bila nyumba maharusi hawana pa kuingia. Ila ukimuuliza fundi kwa nini mlango umekaa upande huu na jiko limewekwa kule, majibu yote yanatoka kwenye ndoa ambayo bado haijafungwa. Uumbaji ulitangulia, agano ndilo lililokuwa sababu. Paulo anasema hivyo katika Waefeso 1:4, kwamba Mungu alituchagua katika Kristo kabla ya kuwekwa misingi ya ulimwengu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 nayo, katika namba 288, inasema uumbaji ni hatua ya kwanza kuelekea agano. Walutheri, Wareformed na Wakatoliki kukutana kwenye jambo moja si kawaida, ukiliona lishike.

Mfano wangu unachechemea mahali pamoja, na Barth analaumiwa hapo hapo: nyumba haipendwi kwa ajili yake yenyewe. Ukimsoma Barth vibaya, mlima Kilimanjaro na nyangumi wanakuwa jukwaa la mchezo wa wanadamu. Ndiyo maana namng'ang'ania Nuhu. Katika Mwanzo 9 wanyama wako ndani ya agano, wana sehemu yao. Yeremia 33:20 inakwenda mbali zaidi, inaongelea agano la Mungu na mchana na agano lake na usiku, na kusema ahadi kwa Daudi ni imara kama hilo. Hosea 2:18 inaahidi agano litakalofungwa na wanyama wa kondeni na ndege wa angani.

Ibrahimu basi? Ibrahimu anaingia pale ambapo Adamu na Nuhu wamemwonyesha Mungu kwamba amri peke yake haitoshi. Katika Mwanzo 1:28 wanadamu wameamriwa: zaeni, mkaongezeke. Nuhu anaambiwa hivyo hivyo 9:1. Kwa Ibrahimu, 17:6, maneno ni yale yale lakini aliyeyabeba amebadilika: nitakufanya uwe na uzao mwingi sana. Amri imekuwa ahadi, na anapewa mzee wa miaka 99 ambaye mkewe hajazaa. Na tangu 12:3 lengo limetajwa, jamaa zote za dunia. Mungu hakuuacha uumbaji akamchukua Ibrahimu. Alimchukua Ibrahimu kwa ajili ya uumbaji.

Sinai nitaipita haraka. Sabato inatajwa kuwa agano la milele katika Kutoka 31:16-17 kwa sababu kwa siku sita Bwana alifanya mbingu na nchi, jambo ambalo Wasabato hawajaacha kutukumbusha, na kwa hilo wana haki hata kama hatukubaliani siku. Na Musa anapofunga maneno yake anasema, "Nazishuhudiza mbingu na nchi juu yenu hivi leo" (Kumbukumbu la Torati 30:19). Wafalme wa Wahiti walipofunga mikataba na watawala wa chini yao waliorodhesha miungu kuwa mashahidi, pamoja na milima, mito, mbingu na nchi. Israeli hawakuwa na mungu wa pili wa kumwita. Waliita viumbe wenzao.

Halafu Kristo. Wakolosai 1:15-20 inamwita mzaliwa wa kwanza wa viumbe vyote, ambaye kwa yeye vitu vyote viliumbwa, na ndani ya wimbo huo huo inasema kwa damu ya msalaba wake Mungu amevipatanisha vitu vyote na nafsi yake. Inasema vitu vyote, viwe vya duniani au vya mbinguni. Nafsi za watu zimo na vingine vimo. Athanasio wa Aleksandria, katika karne ya 4, alianza kitabu chake juu ya Neno kufanyika mwili kwa kuzungumzia uumbaji, akaeleza sababu: ilifaa uumbaji ufanywe upya na Neno yule yule aliyeufanya mwanzoni. Na usiku ule alipotaja agano jipya Yesu alishika kikombe. Ngano ilikuwa imelimwa na mtu, zabibu zimekamuliwa na mtu, jua na mvua vimefanya kazi yake. Agano jipya halikuja likielea hewani.

Aliyesema dunia itachomwa moto anasoma 2 Petro 3:10, na mstari huo upo, hatuwezi kuuruka. Aanze kusoma mistari minne nyuma. Petro anasema dunia ya wakati wa Nuhu iliangamia kwa maji, na moto anauweka sambamba na maji hayo. Dunia ile "iliyoangamia" Nuhu aliikanyaga aliposhuka. Ni ile ile, imesafishwa. Mstari wa 13 anangojea mbingu mpya na nchi mpya, ambayo haki yakaa ndani yake, na Paulo katika Warumi 8:22 anasema viumbe vyote "vina utungu pamoja hata sasa". Utungu ni wa kuzaa. Katika Ufunuo 21:5 aketiye juu ya kiti cha enzi anasema, "Tazama, nayafanya yote kuwa mapya". Hakusema anatengeneza vitu vipya vyote. Akishasoma hayo na bado akang'ang'ania kwamba mwenye kungoja hukumu hana sababu ya kujishughulisha na miti, mito na samaki, muulize kwa nini Nuhu, aliyeambiwa waziwazi kwamba dunia ya siku zake inaangamia, aliagizwa katika Mwanzo 6:21 apakie na chakula cha wanyama.